Jibu: "AMERUHUSIWA" SIO MATOKEO! Usifungue hata faili moja kabla hujasoma hii

Mkuu simama hapo hapo ulipo, usipeleke hiyo protokali (mpango wako wa utafiti) kokote. Umesema uko mwaka wa pili MMed, shahada ya ubingwa, ya upasuaji, unataka kuchukua mafaili ya miaka miwili ya wagonjwa wa dharura waliofunguliwa tumbo, uwapime kwa P-POSSUM na kwa zile alama za Apgar za upasuaji, yaani mifumo miwili ya pointi za kukadiria hatari ya mgonjwa wa upasuaji, uone ipi inatabiri vifo vizuri zaidi, na unauliza utumie programu gani ya takwimu, SPSS au R, uweke vigezo vingapi, na mtakwimu analipwa shilingi ngapi. Sawa. Ila katikati ya maelezo umepitisha kasentensi kamoja kama vile hakana uzito: "matokeo nitayachukua kwenye faili, aliyeruhusiwa nitamhesabu mzima".

Hako kasentensi ndiko kalikonilia mwaka mzima. Wenzangu wamevaa joho mimi niko idara ya kumbukumbu na daftari natafuta namba za simu za watu ambao wengine walishazikwa. Kwahiyo nivumilie nikiandika kwa hasira, sio kwako, ni kwa aliyeniambia hivyo hivyo.

ALIYERUHUSIWA SI ALIYEPONA. Bandika mlangoni.

Supavaiza wangu, mtu mzima mwenye jina lake hapo chuoni, nilimfuata ofisini nikamuuliza kabisa kwamba hawa wanaoondoka wodini tutajuaje kama walifika siku ya 30 baada ya upasuaji wakiwa hai. Hakunyanyua hata macho kwenye simu yake. Akasema faili likifungwa limefungwa, matokeo yako humo humo, wewe malizana na data uandike. Nami nikashukuru! Nikaona nimepata mteremko. Nikakusanya mafaili, nikajaza safu yangu ya 1 na 0, amefariki 1, ameruhusiwa 0, ametoroka nikampa 0, kaondoka kwa ombi la ndugu nikampa 0 pia maana "hakufia hospitali". Kapewa rufaa? 0. Namba zikatoka zinang'aa. Ile AUC, kipimo cha modeli (hesabu inayotabiri nani atakufa) kutofautisha anayekufa na asiyekufa, ikawa nzuri mpaka supavaiza akasema tupeleke kwenye jarida.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini wa nje akafunua kurasa kama tatu hivi, akavua miwani, akauliza kitu kimoja tu. "Kati ya hawa uliowaandika wazima, wangapi unajua kweli walikuwa hai siku ya 30?" Nikaanza kujizungusha na maneno ya faili. Akarudia, wangapi UNAJUA. Jibu lilikuwa hakuna hata mmoja. Supavaiza wangu alikuwa amekaa palepale pembeni, kimya kama hajawahi kuniona. Mpaka leo sijamsamehe hicho kimya.

Nikarudishwa. Na hapa kuna kitu wengi hamjui: kibali cha maadili nilichokuwa nacho kilikuwa cha kusoma mafaili, hakikuniruhusu kumpigia mgonjwa wala ndugu. Kwahiyo protokali upya, kamati upya, kusubiri upya, ada ya mwaka mwingine juu. Kibali kilipotoka ndo nikaanza kupiga.

Nikusimulie simu moja uelewe. Mzee wa makamo, vidonda vya tumbo vilitoboka, alifunguliwa, akasafishwa, akashonwa, siku ya sita faili linasema "hali nzuri, ameruhusiwa, arudi kliniki wiki mbili". Kwenye modeli yangu alikuwa mfano wa kujivunia, hatari ndogo na kweli katoka mzima. Nilipiga jioni. Akapokea binti. Nikajitambulisha, nikauliza mzee anaendeleaje. Akanyamaza, nikasikia watoto nyuma na sauti ya sufuria, halafu akaniuliza taratibu, "Nyie wa hospitali, mbona mnapiga leo?" Mzee alifika nyumbani, siku ya tatu tumbo likaanza kuvimba tena, homa, wakawa wanatafuta nauli ya kumrudisha, hawakuwahi. Binti alihesabu siku zote kwa vidole huku mimi nasikiliza, hakukosea hata moja. Ilikuwa siku ya kumi na moja baada ya upasuaji. Kwenye karatasi yangu mzee huyo ni 0.

Sikufika hata robo ya orodha nikawa nimeshabadilisha sifuri kadhaa kuwa moja. Wengine sikuwapata kabisa, "namba ya simu unayopiga haipatikani kwa sasa", au anapokea bodaboda aliyemleta mgonjwa akaandikisha namba yake basi, hamjui hata jina.

Sasa sikiliza hapa maana ndipo kosa lilipo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Utaambiwa "ah hao wachache waliopotea hawaharibu picha". Wangekuwa wanapotea ovyo ovyo ningekubali. Hawapotei ovyo! Wewe umekaa wodini unajua. Mgonjwa akizidiwa na madaktari wameanza kuzungumza kwa kunong'ona, ndugu wanakaa kikao pale nje kwenye benchi, na hesabu yao iko wazi kabisa: kumsafirisha mgonjwa ni nauli, kusafirisha maiti ni gari la kukodi na sanduku na mambo ya mochwari. Wanaomba ruhusa wakafie nyumbani kwa heshima. Faili linaandikwa "kaondoka kwa ombi la ndugu", wewe unampa 0. Yule bili imemshinda anatoroka usiku na mrija bado tumboni, 0. Anayetoka mbali sana ndugu wanambeba mapema, anayekaa mtaa wa pili anabaki wodini mpaka mwisho. Kwahiyo vifo unavyovihesabu ni vya watu waliopata nafasi ya kufia mbele yako.

Modeli haina akili ya kujua hilo. Inajifunza ulichoipa. Kwangu mimi ilijifunza kwamba kuishi mbali na hospitali kunamkinga mgonjwa asife, na uzee ukaonekana hauna uzito sana, maana wazee ndio wanaorudishwa nyumbani mapema. Na mimi nikaandika aya nzima ya mjadala kuhusu watu wa vijijini kuwa na miili iliyokomaa kwa kazi! Aya ile supavaiza aliisoma akaandika pembeni "vizuri". Walikuwa hawana kinga yoyote, walikuwa wanafia kwao tu ambako sisi hatufiki.

Na usidanganywe na AUC kubwa. AUC inakwambia modeli inapanga vizuri nani yuko hatarini kuliko nani, haikwambii kama asilimia anayopewa mgonjwa ni ya kweli. Mfano tu, modeli inaweza kusema kundi fulani watakufa 4 kati ya 100 kumbe wanaokufa ni 10, na AUC ikabaki inapendeza vilevile. Halafu daktari wa zamu saa nane usiku anaitumia hiyo 4 kumwambia mama wa watu "usijali".

Usiniambie na wakubwa wanafanya hivyo. Najua. Ule utafiti wa orodha ya usalama wa upasuaji ya WHO uliotoka 2009, hospitali 8 za nchi 8 na mojawapo ilikuwa hapa kwetu Ifakara, vifo vilishuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8, wao waliwafuata wagonjwa mpaka wanaruhusiwa au siku 30, lolote litakalotangulia. ASOS nayo, ule utafiti wa matokeo ya upasuaji Afrika wa 2016, nchi 25, hospitali 247, wagonjwa 11,422, ilihesabu ya hospitalini. Tofauti ni kwamba wametamka wazi kuwa ni vifo vya hospitalini. Hawakuandika kwenye kichwa cha habari "vifo vya siku 30" kama unavyotaka kuandika wewe. Tena kwenye hiyo hiyo ASOS vifo 239, na 225 kati yake vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe. Yaani mezani watu hawafi sana, wanakufa baadaye, na wewe "baadaye" ndo unataka kuikata pale geti la hospitali.

Alafu hizo alama za Apgar za upasuaji unazotaka kuzipima, damu iliyopotea, presha ya chini kabisa na mapigo ya chini kabisa, jumla pointi 10, waliozitengeneza 2007 walizilinganisha na vifo na matatizo makubwa ndani ya siku 30. Sasa ukizilinganisha na "ameruhusiwa" unapima kitu kingine kabisa halafu unasema alama hazifai Tanzania. Marekani kule mfumo wao wa kufuatilia ubora wa upasuaji, NSQIP, ulioanzia hospitali za maveterani miaka ya 90, una manesi kazi yao ni hiyo, kumfuatilia mgonjwa mpaka siku ya 30 awe wodini awe kwake. Manesi wanapiga simu. Hakuna teknolojia yoyote hapo ya kututisha.

Na usiseme sisi huku haiwezekani. Kirehe, Rwanda, wilayani kabisa, wahudumu wa afya ya jamii waliwafuata nyumbani akina mama waliojifungua kwa upasuaji, kwenye siku ya 10 hivi, wakaangalia kidonda na kukipiga picha kwa simu. Maana kidonda kinachachamaa nyumbani, wodini mama anatoka siku ya tatu kidonda kikavu na tabasamu.

Kwahiyo fanya hivi. Achana na mafaili ya miaka miwili, anza na wagonjwa wanaoingia kuanzia siku utakayopata kibali, hata wakiwa wachache. Kwenye ridhaa waambie kabisa kwamba utawapigia. Chukua namba TATU: ya mgonjwa mwenyewe, ya ndugu anayelala naye wodini (sio aliyemleta, anayelala naye), na ya mtu wa kijijini au mtaani kwao asiyebadilisha laini, mjumbe, mwenyekiti, mwenye duka. Piga ile ya ndugu palepale kitandani usikie inaita, nusu ya namba zangu mbovu ningezigundua kwa dakika moja hivyo. Piga tena siku ya 7 ili wakuzoee, halafu siku ya 30. Jioni, watu wakiwa wameshatoka shamba. Apige nesi wanayemjua sauti, sio wewe.

Na namna ya kuongea! Usianze na "mgonjwa yuko hai?" Msalimie, uliza habari za nyumbani, acha yeye akwambie. Akisema tulimpoteza, sema poleni sana na unyamaze, msikilize mpaka amalize, uliza tarehe tu. Usimhoji sababu, usianze kuitetea hospitali. Mimi nimesemwa sana kwenye simu zile na nilistahili kukaa kimya.

Usiyempata kabisa, usimpe 0. Ana safu yake, "hajulikani", na uandike kwenye tasnifu ni wangapi na wanafananaje na uliowapata. Aliyeondoka kwa ombi la ndugu, aliyetoroka, aliyepewa rufaa, kila mmoja alama yake. Hao ndio wa kutafutwa kwa nguvu zote, hata kama itabidi umpigie mjumbe mara tano.

Vigezo vingapi umeuliza, nikuguse kidogo tu: inategemea vifo utakavyopata, sio wagonjwa, ile kanuni ya zamani ya matukio 10 kwa kila kigezo angalau ikutie woga. Na P-POSSUM ina vitu 12 vya hali ya mgonjwa na 6 vya upasuaji wenyewe, humo kuna vipimo vya damu kama yurea, sodiamu, potasiamu, na ECG ya moyo, kwenye mafaili ya dharura ya saa nane usiku hivyo vitu havimo, na watu wanavijaza kama vya kawaida kimya kimya. Hilo nalo ni uzi wake siku nyingine. SPSS au R hata sitaki kubishana, zote hazina uwezo wa kumpigia mtu simu.

Kesho fanya kitu kimoja. Nenda idara ya kumbukumbu, toa mafaili kumi tu ya mwezi uliopita yaliyoandikwa "ameruhusiwa". Usimpigie mtu, huna kibali. Angalia tu ni mangapi yana namba ya simu, na kwenye yenye namba, ni mangapi yameandika ni ya nani. Halafu rudi hapa utuambie umekuta nini.