Mguu Uliovuka Mstari wa Kati

SWALI: Ndugu Mhariri, katika mechi ya mpira wa wavu hapa Mafinga, mwenzetu aliruka kuzuia na kutua kisigino kikiwa juu ya mstari wa kati, vidole vikiwa upande wa wapinzani. Mwamuzi akawapa wao pointi. Je, alikuwa sahihi? Nami nifanyeje ili nipate cheti cha uamuzi? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Kwa maelezo yako, hapakuwa na kosa. Sheria za FIVB, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinaruhusu mguu kuvuka mradi sehemu yake inagusa mstari huo, wenye upana wa sentimita 5, au iko juu yake moja kwa moja, na mchezaji hamzuii mpinzani kucheza. Mguu wote ukivuka, hilo ni kosa. Kazi ya kuutazama mstari huo ni ya mwamuzi wa pili, anayesimama chini karibu na nguzo. Mechi nyingi za viwanja vya vumbi huendeshwa bila yeye, na mwamuzi wa kwanza, anayekaa juu ya kiti, macho yake yakifuata mpira, ni vigumu mno kwake kuona kisigino.

Kuhusu cheti, onana na chama cha mpira wa wavu cha mkoa wa Iringa, ukaulizie kozi ijayo. Wakati ukingoja, omba kushika bendera ya mstari na kujaza fomu ya mechi, kwani ukarani huo hufundisha mizunguko ya wachezaji, yaani jinsi wanavyobadilishana nafasi uwanjani, kuliko kitabu chochote. Ngazi ya kimataifa haiombwi na mtu binafsi. Mwamuzi hupendekezwa na shirikisho la nchi yake.