Konokono wa bei ya pauni tano na mayai mia mbili: nisikilize kabla hujanunua

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja yuko Houston, anasema "dadangu nimeona picha za konokono wako, mwanangu ana miaka 9 hanipi raha anamtaka, naomba unielekeze nanunua wapi". Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana swali hilo hilo niliuliza mimi miaka minne iliyopita na kila mtu alinijibu bei tu.

Nianze na wewe wa Houston. Huko usithubutu. Marekani konokono hawa wakubwa wa Afrika ni marufuku kuwa nao bila kibali cha serikali, na wana sababu zao. Mwaka 1966 kuna mtoto alitoka Hawaii akaingia Miami na konokono watatu, bibi yake akawaachia bustanini, baada ya miaka saba wakahesabiwa zaidi ya elfu 18. Watatu tu! Florida ikahangaika nao karibu miaka kumi na zaidi ya dola milioni 1 ikateketea, halafu 2011 wakaonekana tena Miami na hao wa safari hiyo walitangazwa kuisha 2021. Wanakula mimea zaidi ya aina 500, na wakikosa chokaa wanatafuna mpaka plasta ya ukuta.

Sisi wa Uingereza tunaruhusiwa, wapo mpaka madarasani. Ndo yangu yalipoanzia, mwanangu kaja siku moja na boksi la konokono wa shule, ilikuwa zamu yake kuwatunza wakati wa likizo, wiki ilipoisha kuwarudisha ikawa msiba, analia mpaka anakohoa. Nikasema isiwe tabu. Nikatafuta mtandaoni nikampata kaka mmoja anauza kwake, pauni tano kwa mmoja, nikachukua wawili, akanipa kwenye kopo la aiskrimu lililotobolewa matundu. Nikamuuliza wanataka nini, akasema "matango tu, hawana shida".

Hawana shida! Huyu konokono ni wa kwetu kabisa, asili yake pwani ya Afrika Mashariki, kwa hiyo baridi ya Leicester haiwezi, anataka nyuzi joto 21 mpaka 25 hivi usiku na mchana. Nikanunua boksi kubwa lenye mfuniko wa kufunga, kipimajoto, na kile kimkeka cha umeme cha kutoa joto (kinabandikwa ubavuni mwa boksi, chini hapana, maana wao wakisikia joto wanachimba kwenda chini na huko chini ndiko watakakoungua). Halafu udongo wake. Unajua udongo wake ni nini? Makumbi ya nazi yaliyosagwa yakagandamizwa kama tofali. Mtoto wa Tanga nimesimama dukani nalipia makumbi. Nilipomwambia mama kwenye simu alinyamaza kidogo akauliza, "Konokono hawa hawa wanaonimalizia mchicha?" Yeye wake anawamwagia chumvi. Wifi yangu ndo usiseme, kwenye grupu la familia akaandika wenzenu wanaenda Ulaya kujenga, huyu kaenda kufuga wadudu. Sijasahau wifi, ujue.

Tukawaita Bi Tausi na Mzee Kombo. Bi Tausi nilimuua mimi. Naandika hivi hivi maana sijawahi kumwambia mwanangu. Alikuwa kajibandika kwenye mfuniko, nina haraka ya kazini, nikamshika gamba nikamvuta, akang'oka ghafla akanitoka mkononi akaanguka kwenye vigae vya jikoni. Ule mlio wa gamba kupasuka bado ninao masikioni. Ufa ulianzia mdomoni mwa gamba ukapanda juu, ndani unaona nyama inatetemeka, povu linatoka. Alikaa siku kumi na mbili bila kula. Kwa hiyo ukimtoa alipojibandika lowesha vidole kwa maji ya uvuguvugu, uvipitishe taratibu chini ya tumbo lake mpaka aachie mwenyewe. Usimvute. Narudia, usimvute.

Mengine ni madogo madogo: mfupa wa ngisi uwemo siku zote maana gamba bila chokaa linalika na ataanza kutafuna gamba la mwenzake, chumvi isimguse kabisa, mikono osha kwa sabuni kila ukimshika, mtoto asimbusu. Akijifungia ndani na kuweka utando mweupe mlangoni usilie hajafa, kalala kwa sababu ya ukavu au baridi, mwogeshe maji ya uvuguvugu ataamka.

Sasa tuje kwenye lililonifanya niandike. Mzee Kombo alitaga.

Ndiyo, mzee. Hawa kila mmoja ni dume na ni jike, na wakishapandana wanaweza kutunza mbegu wakatumia miezi mingi baadaye, kwa hiyo Bi Tausi keshakufa zamani na bado huku mayai yanatoka. Nafukua makumbi niyabadilishe, nakuta kwenye kona rundo la vitu vyeupe vya njano njano kama choroko. Mwanangu akahesabu moja moja, 212. Na wanaweza kufika mia nne kwa mara moja, na wanataga mara kadhaa kwa mwaka.

Nilipaswa kuyaweka friza siku ile ile. Nikashindwa, nikajiona muuaji kwa mara ya pili, nikayaacha. Yakaanguliwa. Nikawa mama mkarimu, nikawagawa kwa wazazi wa shuleni na kwa akina mama wa kwetu, kila mmoja na kikopo chake, nikajisikia vizuri kweli. Baadaye mmoja wao, mtu ninayekula naye, akaniambia mbele za watu kwamba "ule uchafu wako" aliutupa bustanini, Novemba ile. Wamekufa kwa baridi bila shaka, na kuachia mnyama wa kigeni nje hapa ni kosa kisheria, lakini nitamlaumu vipi wakati mimi ndo niliyempa asichokiomba?

Tangu hapo kila Jumapili nafukua boksi lote. Nikikuta mayai nayatia kwenye mfuko, yanakaa friza siku mbili, ndo yanaenda kwenye taka. Mume wangu aliwahi kuyaloweka akijua choroko. Watu mnaosema ni ukatili, ukatili ni kuwagawia watu viumbe kwa sababu wewe umeshindwa kufanya kazi yako. Konokono anaishi miaka mitano sita, wengine mpaka kumi, mtoto wako atabalehe atamsahau, wewe ndo utabaki unachambua makumbi usiku. Kama huwezi kufukua kila wiki usinunue, mwazime wa shule.

Mzee Kombo sasa anajaa kiganja. Mama akipiga simu siku hizi anamuulizia, "yule mdudu wako mzima?" Jana kaniambia alimkuta mmoja kwenye mchicha asubuhi, mkono wa chumvi ukamwia mzito kwa ajili yangu.

"Sasa ukamfanyaje mama?"

"Nikamrushia jirani."