"Tunangoja wa ng'ambo": jibu kwa mwenye duka lililoungua Kakamega

Ndugu, poleni na moto. Kwa ufupi, kama nimekuelewa: duka la mzee wenu la vifaa vya ujenzi hapo Kakamega liliungua, asesa, yaani mkaguzi wa hasara, akaja akapiga picha akaenda zake, na sasa ni mwezi wa tano kampuni ya bima inawajibu sentensi ile ile, kwamba inangoja idhini ya kampuni ya ng'ambo iliyobeba sehemu kubwa ya bima hiyo. Unauliza kama mnaweza kuishtaki hiyo ya ng'ambo moja kwa moja.

Hamwezi, na hata msiitafute. Mimi ni wakili Kisumu, na kesi za bima ndizo zimenilipia karo za watoto. Mkataba wa mzee ni na kampuni iliyopokea pesa zake. Bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima nayo hujikatia, ni mkataba mwingine ambao mzee hayumo. Ni sawa na umkopeshe jirani, halafu siku ya kulipa akuambie shemeji yake hajamtumia. Shemeji mlipatana lini?

Lakini nisiwasingizie. Mara nyingi si uongo. Kwenye hasara kubwa, mkataba wao huweza kuwa na kipengele kinachoikataza kampuni ya hapa kukubali dai kabla mwenzake hajaridhia. Ikijitia haraka, inaweza kuachiwa mzigo mzima. Kwa hiyo yule kijana wa madai anayekuzungusha kwa simu anaogopa kweli. Uoga wake nauelewa, ila haumo kwenye hati ya mzee.

Kwa nini wapeleke hatari ya Kakamega mbali hivyo? Mwaka 1861 mji mdogo wa Glarus, Uswisi, uliteketea kwa upepo wa usiku mmoja, na bima ya hapo haikuweza kuubeba mji mzima. Miaka miwili baadaye ikaundwa Swiss Re mjini Zürich. Ukiweka mayai yote soko la Kibuye hapa Kisumu, siku Kibuye ikiwaka huna yai. Sisi tuna Kenya Re, kampuni yetu ya bima mtawanyo, tangu 1970, na kwa miaka mingi sheria imezitaka kampuni za bima ziipe sehemu ya bima zao, lakini hatari kubwa bado huvuka bahari. Na zikivuka huko, bei nazo hurudi: kimbunga Ian kilipoipiga Florida mwaka 2022, bei za mikataba ya bima mtawanyo iliyohuishwa Januari 2023 zilipanda sana. Mtu wa Kakamega hajawahi kuiona Florida, ila huenda anailipia.

Sasa kitu ambacho watu hawakisomi kwenye hati ya bima: maana ya "tukio". Nilikuwa na mteja mwenye kinu cha mpunga Ahero. Mto Nyando ulimwaga maji ghalani kwake Ijumaa saa nne usiku. Yakapungua, wakaanza kuanika magunia, halafu yakarudi. Nilipofika, alama ya matope ilikuwa kifuani kwangu ukutani, na magunia ya chini yalikuwa yameota. Mpunga umetokeza vichipukizi vya kijani kupitia mashimo ya gunia. Harufu yake siisahau.

Kampuni ikasema ni mafuriko mawili, kwa hiyo ile sehemu ya hasara anayobeba mwenye mali, shilingi 300,000, ikatwe mara mbili. Hati ilisema hasara zote za mafuriko ndani ya saa 72 mfululizo ni tukio moja. Wao wakadai maji ya pili yaliingia Jumanne asubuhi. Kilichotuokoa ni simu ya mlinzi. Jumatatu saa mbili na dakika nne usiku alimtumia tajiri wake picha kwenye WhatsApp, na maneno haya: "bosi maji yamerudi". Saa 70 na ushee. Tulimalizana koridoni, jaji hata hajaingia.

Msidhani ni ujanja wa Ahero tu. Larry Silverstein, tajiri wa majengo wa New York, alikodi minara ya World Trade Center ya huko kwa miaka 99, Julai 2001, akiwa na bima ya takriban dola bilioni 3.5 kwa kila tukio. Septemba ndege mbili zikapiga minara miwili. Yeye alisema matukio mawili, mteja wangu alitaka moja. Kila mtu huhesabu kwa kidole kinachomfaa. Hati kamili nyingi za kampuni zilizombebea bima zilikuwa hazijatolewa, kulikuwa na karatasi za awali tu, na si kampuni zote zilizokubali maneno yale yale. Mwaka 2004 baraza moja la wazee wa mahakama likasema kwa kundi moja la kampuni ni tukio moja, lingine likasema kwa kundi jingine ni mawili. Moshi ule ule.

Kwa hiyo kabla ya kupigana na ng'ambo, itoeni hati yenu nzima, si ile karatasi ya muda aliyowapa broka. Angalieni thamani mliyoandikisha. Kama bidhaa zilikuwa za milioni 10 na mliandikisha milioni 4, hasara ya milioni 5 italipwa milioni 2, na hapo hakuna wakili wa kuwasaidia. Kisha iandikieni kampuni barua, si simu, mkiitaka iseme kama inakubali dai au inalikataa, na nakala mpeleke kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima. Mkipewa hati ya kusaini kwamba mmepokea malipo yote na hamdai tena, msiisaini kwa ahadi ya "pokeeni kidogo kwanza".

La haraka kuliko yote: hati nyingi zina kifungu kinachosema dai likikataliwa, una miezi 12 ya kwenda mahakamani au kwa msuluhishi, la sivyo umeliacha. Yule mzee wa Ahero alikuwa amebakiza wiki tatu. Tafuta tarehe ya barua ya kwanza mliyopata, ziba majina na namba, uiweke hapa nione wameandika "tunangoja" au "tumekataa".