Baba anapumulia shingoni, baridi ya Njombe inamtesa

SWALI: Shikamoo dokta, baba alitolewa kisanduku cha sauti sababu ya kansa, sasa anapumulia katundu ka shingoni na hii baridi ya mwezi wa saba anakohoa makohozi mazito balaa, kuongea ndo hawezi kabisa. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Hewa haipiti tena puani ikapata joto na unyevu, inaingia kavu vilevile mpaka kwenye mapafu, ndo maana makohozi yanazidi. Afunike tundu na kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, anywe maji ya kutosha, na jiko la mkaa ndani HAPANA jamani. Akioga maji yasiingie hapo. Kuongea, kuna kimashine cha kutetemesha kinawekwa shingoni, muulizeni daktari wake. Na siku akizidiwa akaacha kupumua, apuliziwe hewa kwenye hilo tundu la shingoni sio mdomoni, hata majirani wajue.