Kwa anayepokea kitengo cha Afrika Mashariki: niliyojifunza kwenye ukatibu

Nilipochaguliwa katibu wa kitengo cha Afrika Mashariki katika chama kimoja cha wanataaluma wa masomo ya Afrika, nilikabidhiwa vitu vitatu: faili la majina, kumbukumbu za mikutano miwili, na pole. Hiyo pole niliielewa baadaye. Nilikaa kwenye ukatibu miaka mitatu na kwenye uenyekiti miwili, na kila msimu wa uchaguzi hakosi mtu wa kunipigia simu kuuliza kazi yenyewe ni nini. Nimeona niandike mara moja.

Kazi yenyewe ni ukarani. Najua umegombea kwa sababu una mawazo kuhusu mwelekeo wa utafiti na mada zilizosahauliwa. Mada hazijawahi kutushinda. Kilichotushinda ni saa, ada, barua ya mwaliko na jina lililoandikwa vibaya. Mtafiti wa Bukavu au Pemba ana hoja za kutosha. Kinachomkwamisha ni karatasi iliyochelewa wiki mbili, na karatasi hiyo mara nyingi imelala mezani kwako.

Anza na orodha ya wanachama, hata kabla ya kumshukuru aliyekupigia kura. Yangu ilikuwa na waliostaafu, waliohamia fani nyingine na wanafunzi ambao anwani zao za chuo zilikwisha kufungwa. Mzee mmoja nilimwandikia kumkumbusha ada, akanijibu mwanawe kwamba marehemu ana miaka miwili kaburini. Tangu siku ile nikawa napiga simu kwanza. Kazi hiyo ilinila mwezi mzima, na ndiyo iliyotupa nguvu, kwa sababu kwetu nafasi za vikao kwenye kongamano ziligawiwa kwa idadi ya waliolipa ada hadi tarehe ya mwisho. Aliyepo kwenye orodha bila kulipa hahesabiki. Kitengo chenye mawazo mazuri na wanachama kumi na tisa waliolipa hupewa kikao kimoja, tena saa 2 asubuhi siku ya mwisho, watu wakiwa na mabegi mlangoni.

Na kwa nini wanachama wa kwetu hawalipi? Mimi nilidhani ni uzito wa mkono. Kumbe ofisi kuu ilikuwa inapokea kadi ya benki tu, na walimu wengi wa vyuo vyetu mshahara wao unaishi kwenye simu. Tukamwomba mhazini wetu, dada mmoja wa Mombasa asiye na mchezo na hesabu, akusanye kwa M-Pesa halafu alipe kwa mkupuo. Alikubali kwa sharti moja: "Mwalimu, hizi hela zisilale kwenye simu yangu hata usiku mmoja." Ikawa anayelipa anapata stakabadhi siku ile ile, na jina lake linawekwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na kiasi, makato yakionyeshwa. Wapo waliolalamika kwamba tunawaanika. Waache walalamike. Fedha ya watu ikipita kwenye simu ya mtu mmoja gizani, hata akiwa mwaminifu kama nani, maneno yatazuka tu.

Sasa saa. Tangazo langu la kwanza la mkutano lilisema "saa 3, saa za Afrika Mashariki". Nusu ya watu waliingia saa tatu asubuhi kama nilivyokusudia. Nusu nyingine, waliokwisha kukaa Ulaya miaka mingi hata saa zao zikageuka, waliingia alasiri wakakuta mimi nasahihisha mitihani. Akidi haikutimia mara zote mbili. Baada ya hapo kila tangazo langu lilikwenda hivi: saa 10 jioni, yaani 16:00 Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, 15:00 Kigali, Bujumbura na Lubumbashi, 17:00 Muscat. Kwa walio Ulaya na Marekani uhesabu upya kila mara, maana wao husogeza saa zao Machi na kuzirudisha vuli, tena kwa tarehe zinazotofautiana, na sisi wala hatusogei. Ijumaa mchana usiiguse. Ijumaa na Jumamosi ndizo mapumziko ya wiki kwa walio Oman, na huku pwani watu wako msikitini. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo usinakili kalenda ya mwaka jana ukadhani umemaliza.

Nije kwenye mipaka, maana hapa utagombana na watu unaowaheshimu. Afrika Mashariki ni ipi? Ukishika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilifufuliwa na nchi 3, Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, sasa ni 8. Ukishika Umoja wa Afrika, Burundi imewekwa Afrika ya Kati na Msumbiji iko Kusini, lakini Komoro ni Mashariki. Ukishika Umoja wa Mataifa, Msumbiji inarudi Mashariki pamoja na Malawi, Zambia na Zimbabwe. Mwaka wangu wa pili mkutano mkuu ulitumia saa nzima na dakika arobaini kwenye jambo hili, na ajenda ya tuzo ya wanafunzi ikasukumwa hadi "mengineyo", ambapo ilifia.

Tulichofanya ni kuandika kwenye kanuni zetu kwamba kinachotazamwa ni makala inahusu nini, pasipoti ya mwandishi haituhusu. Makala kuhusu Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa huko Somalia, ni yetu. Kuhusu wavuvi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yetu. Kuhusu Waswahili wa Muscat na barua walizowaandikia jamaa zao Unguja, yetu vilevile. Kitengo cha Afrika ya Kati wakiitaka makala ya Kisangani, tunafanya kikao cha pamoja na kila upande unatoa nafasi yake. Wenzangu wengine waliona nimekwepa swali. Ni kweli nimelikwepa, na tangu hapo mkutano mkuu unaisha kwa wakati.

Usidhani lakini kwamba nani yumo na nani hayumo ni kichekesho cha wasomi. African Studies Association ya Marekani, iliyoanzishwa 1957, ilipasuka kwenye mkutano wake wa Montreal mwaka 1969, pale wanataaluma Weusi, mwanahistoria John Henrik Clarke akiwa mstari wa mbele, walipodai uongozi ugawanywe nusu kwa nusu kati yao na Wazungu. Walipokataliwa waliendelea na chama chao, African Heritage Studies Association. Waafrika wa barani nao walikuja kuunda African Studies Association of Africa mwaka 2013, wakafanya kongamano lao la kwanza Ibadan 2015. Wanaosomwa wakikosa kiti kwenye chumba wanamosomwa, siku moja watajenga chumba chao, na ni haki yao. Wewe kazi yako ni ndogo zaidi: kuhakikisha anayetaka kuingia kwenye chumba hiki ulichokabidhiwa hazuiwi na uzembe wako.

Ndiyo maana viza nakuambia uishughulikie kama mgonjwa. Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, huruhusiwa kuombwa hadi miezi 6 kabla ya safari, na uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ambazo zaweza kufikia 45. Hapo hujahesabu foleni ya kupata miadi, wala nauli ya anayelazimika kwenda mji mkuu au hata nchi jirani ili atie alama za vidole. Ratiba ya kongamano ikitoka miezi miwili kabla, wa Berlin anaikuta kwa wakati na wa Kigoma amekwisha kuchelewa. Nilisumbuana na ofisi kuu mwaka mzima hadi wakakubali kutoa barua za mwaliko mara tu ikisiri, yaani muhtasari wa makala, inapopita, bila kungoja ratiba ikamilike. Barua nayo uisome mwenyewe. Jina liwe lile la kwenye pasipoti, majina yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Sisi huitana Mwalimu Fulani au Mama Fulani hadi tunasahau jina la serikali; mwenzetu mmoja alinyimwa viza akiwa na barua nzuri kabisa, ila iliandikwa kwa jina analotumia kwenye vitabu vyake. Kosa hilo lilikuwa langu, ndimi niliyelipeleka jina hilo ofisi kuu.

Akikwama mtu, asomewe makala yake na aliyeielewa, apewe dakika zilezile. Nimeona mwenyekiti wa kikao akifupisha kazi ya miaka minne kwa dakika mbili kwa sababu "mwenzetu hakupata viza", watu wakatikisa vichwa kwa huruma, kikao kikaendelea. Inauma kuliko kutopangwa kabisa. Njia ya mtandao inasaidia, lakini mtu wa Lamu atahitaji bando na umeme usiokatika. Tulitenga fedha ya bando kwenye bajeti, kiasi kidogo tu, na ndicho kifungu ambacho ofisi kuu ilikihoji kuliko vyote.

Lugha. Nilipigania ikisiri za Kiswahili zikubaliwe, zikakubaliwa, na zikaja kumi na moja. Wahakiki wanaosoma Kiswahili walikuwa wawili, mmoja wao mimi. Tafuta wahakiki kwanza, ndipo utangaze. Kwamba Kiswahili kinabeba mjadala wa kitaaluma hakuna haja ya kuthibitisha tena. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, limekuwapo tangu 1987. Shida yetu ilikuwa kwingine. Ikisiri moja ya Lubumbashi, Kongo, ilirudishwa na mhakiki imejaa wino mwekundu, kila sentensi "imesahihishwa", na kuhusu hoja hakuna neno hata moja. Nikamwandikia mhakiki kwa adabu, maana ni mkubwa wangu, nikimkumbusha kwamba kamati iliyoundwa 1930 kusanifisha lugha hii ilihusu Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, Kongo haikuwemo. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kanuni ambazo babu zake hawakuulizwa. Alinijibu kwa mstari mmoja, "Nimekuelewa, mwanangu," na ikisiri ikapita. Baada ya hapo fomu ya wahakiki ikaongezwa maneno: pima hoja na ushahidi, lugha itahaririwa baadaye.

Wanafunzi wa nje watakuuliza kuhusu vibali vya utafiti kana kwamba wewe ni serikali. Waelekeze kwenye mamlaka zinazotoa vibali hivyo: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda, na uwaambie mapema kwamba Zanzibar ina utaratibu wake, kibali cha Bara hakimalizi kazi huko. Usimwombee mtu. Ukimwombea mmoja umekuwa ofisi.

Tuzo ya mwanafunzi tuliifufua hatimaye. Ni ndogo, ina cheti na fedha ya kununulia vitabu kadhaa, lakini ndiyo iliyotuletea vijana wa Dodoma, Eldoret na Bujumbura kuliko hotuba yoyote niliyowahi kutoa. Waamuzi wawe watatu kutoka nchi tatu, na mwalimu wa mshindani asiwe mmojawao. Hili nalo tulijifunza kwa aibu.

Kukabidhi kuanze miezi sita kabla. Barua pepe ya kitengo iwe ya kitengo. Mtangulizi wangu alitumia yake binafsi, alipoondoka aliondoka na mawasiliano ya miaka minne. Mimi niliandika nywila zote kwenye karatasi, nikaifunga kwenye bahasha, nikampa mhazini. Yeye alinitazama akaniuliza kama nimezitolea nakala. Sikuwa nimezitolea.

Aliyenirithi alinipigia wiki ya kwanza. Kati ya wale waliokula saa nzima na dakika arobaini za mkutano mkuu, wawili walikuwa bado wanavutana juu ya Komoro, mmoja akiitaka kwetu, mwingine akisema ikae kitengo cha Bahari ya Hindi, na wote wawili walikuwa wameleta ikisiri. Nikamwambia wote wamelipa ada, awapange kikao kimoja, ila mwenyekiti wa kikao awe yule dada wa Mombasa, maana hana mchezo na dakika kama asivyo na mchezo na hesabu.