Muulize Fundi Redio: Panki, hasira na nchi za watu

Mwezi uliopita niligusia hapa kanda ya muziki wa panki (punk), ule wa gitaa za kelele na hasira, ninayoitunza tangu 1986. Sikutegemea barua, lakini zimekuja: nyingine kwa simu, mbili zimepitishwa chini ya mlango wa kibanda changu hapa Majengo. Nimechukua nne.

Mjomba, shikamoo. Mwanangu ana miaka 19, anasoma chuo hapahapa Dodoma. Amerudi nyumbani amenyoa panki, koti amelichoma pini kila mahali, na ukutani amebandika picha ya vijana wenye vipara wamekalishwa chini mbele ya polisi. Nikimuuliza anasema hao ni ndugu zake. Sisi ukoo wetu wote ni wa Bahi, hatuna ndugu Asia. Ameingia dini gani huyu mtoto? — Mama, Kizota

Marahaba, mama. Hajaingia dini yoyote. Picha hiyo naijua. Ni ya Aceh, Indonesia, Desemba 2011. Vijana wapenzi wa panki walikwenda kwenye onyesho la muziki wao mjini Banda Aceh, polisi wakawavamia na kuwakamata zaidi ya 60. Wakawapeleka kwenye chuo cha polisi nje ya mji. Wavulana wakanyolewa vipara, wasichana wakakatwa nywele, wakavuliwa hereni na minyororo, wakatumbukizwa majini waoge, kisha wakafundishwa kuswali na kupiga gwaride kwa siku kama kumi. Mahakamani hawakufikishwa. Shtaka halikuwepo. Kosa lao lilikuwa nguo na nywele.

Fikiria sasa hao vijana wamekulia wapi. Aceh ilikuwa vitani kwa karibu miaka 30, watu wake wakipigana na serikali ya Jakarta. Tarehe 26 Desemba 2004 bahari ikawapandia, watu zaidi ya laki moja wakafa katika jimbo hilo peke yake. Mkataba wa amani ulitiwa saini Agosti 2005. Kijana wa miaka 19 aliyenyolewa mwaka 2011 alikuwa na miaka 12 maji yalipokuja. Mtoto wa namna hiyo akijikusanya na wenzake barabarani wapige gitaa, mimi siwezi kumwita mhuni.

Nitakuambia kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 17, nimefuga afro, naipenda kuliko viatu vyangu. Mtu mmoja mwenye madaraka mtaani alinisimamisha mchana kweupe, akaninyoa upande mmoja kwa mkasi wa kukatia kitambaa, akaniacha nirudi nyumbani hivyohivyo. Watu walicheka. Marehemu mama yangu hakucheka. Alikaa nami uani akanimalizia upande wa pili kwa wembe, kimya. Bado nakumbuka maji ya baridi kichwani. Kwa hiyo mwanao anaposema hao ni ndugu zake, mimi namwelewa. Vijana wa London nao waliposikia habari ile walikwenda kupiga kelele mlangoni mwa ubalozi wa Indonesia, wala hawakuwa na mtu wao kule.

Usiichane picha, mama. Muombe akueleze, umpe na chai. Pini zisikutishe, zilianza kwa watu waliokuwa na nguo zilizochanika. Panki hapa kwetu tumeifanya jina la kunyoa, lakini kinyozi ndiye mtu wa mwisho katika habari hii.

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mwaka wa pili. Nimesoma kwamba makundi ya panki ya Uingereza na Marekani yaliimba kuhusu Nicaragua, Chile, Cambodia, Afrika Kusini. Najiuliza: Mzungu aliyelala kwake salama anapata wapi haki ya kuimba damu ya watu wengine? Si kujitafutia jina kwa misiba ya maskini? — Msomaji, UDOM

Marahaba, mdogo wangu. Swali zito, na mimi nililibeba miaka mingi kabla ya kupata la kusema.

Nianze na ile kanda. Iliachwa na Mholanzi mmoja aliyekuwa akichimba visima upande wa Mvumi. Alipoondoka alinipa boksi la kanda zilizoharibika kwa sababu alijua natengeneza redio. Hiyo moja ilikuwa imeliwa na redio, utepe umekunjamana, umekatika. Niliunyoosha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba, nikakata ncha zote mbili mshazari kwa wembe, nikaziunga kwa selotepu upande wa mgongo, nikauzungusha ndani kwa peni ya biki. Mpaka leo ikifika pale inaruka, neno moja la mwimbaji linapotea.

Walikuwa Stiff Little Fingers, kundi lililoanza Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1977. Kiingereza changu wakati huo kilikuwa cha kuulizia vipuri tu. Nilichosikia ni mtu anayeimba kama anayegombana na ukuta. Baadaye nikajifunza ukuta ulikuwepo kweli. Belfast mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti ilikuwa imetenganishwa, wanajeshi wa Uingereza wakiwa barabarani, na vita hivyo mpaka mkataba wa amani wa 1998 viliua watu zaidi ya 3,500. Mjini humo kulikuwa na baa ikiitwa Harp Bar. Kuanzia 1978 vijana wa pande zote mbili walikuwa wakiingia humo kurukaruka pamoja, na nje ya pale huenda wasingesalimiana kabisa.

Tangu nilipojua hilo, wimbo wowote kuhusu taabu ya nchi nyingine naupima kwa swali moja: chumbani alikuwemo nani?

Chukua The Clash, kundi la panki la London. Agosti 1976 wawili wao walikuwepo Notting Hill, London, vijana weusi walipopambana na polisi mwisho wa karnivali. Wakatunga wimbo wa kuwaambia vijana weupe nao waamke. Jina la wimbo, White Riot, yaani ghasia ya weupe, lilikuwa baya, likasikika kama la ubaguzi, na wapo walioufurahia kwa sababu hiyo hiyo ya kijinga. Hapo naungana nawe: walizungumzia watu ambao hawakuwa nao. Lakini tarehe 30 Aprili 1978, pale Victoria Park, walipanda jukwaa moja na Steel Pulse, Waingereza weusi wa Birmingham wanaopiga rege, kwenye mkutano mkubwa wa kupinga ubaguzi. Mwaka 1980 wakaipa albamu yao jina la wapiganaji waliomng'oa dikteta Somoza kule Nicaragua mwaka mmoja kabla. Ilikuwa na diski tatu, wakang'ang'ania iuzwe kwa bei ndogo hata kwa kukubali kukatwa malipo yao wenyewe. Hayo siyaiti kujitafutia jina.

Hiyo ya Cambodia umeisoma juujuu. Dead Kennedys wa San Francisco mwaka 1980 hawakuwa wanawalilia Wakambodia. Walikuwa wanawapiga vijembe wanafunzi wenye pesa wa Marekani, wale wanaojifanya wanaujua umaskini wa dunia nzima, wakiwaambia waende wakaonje kambi za Pol Pot, mtawala katili wa Cambodia. Kwa maneno mengine swali lako, mdogo wangu, mapanki walishajiuliza wao kwa wao kabla hujazaliwa, tena kwa ukali kukuzidi.

Ila ukinilazimisha nichague kundi moja, nitaacha hao wote nichague National Wake wa Johannesburg. Walianza mwaka 1979, miaka mitatu baada ya wanafunzi wa Soweto kupigwa risasi. Ndugu wawili weusi, akina Khoza, na wenzao weupe, wakipiga panki na rege katika kundi moja na kukaa nyumba moja, wakati sheria ya makaburu ilisema kila rangi na mtaa wake. Kukaa pamoja tu kulikuwa kuvunja sheria. Polisi waliwasumbua, albamu yao ya 1981 iliuzwa nakala chache ikapotea sokoni, kundi likavunjika. Hawakuhitaji kuimba habari za ng'ambo. Ghasia zilikuwa jikoni kwao.

Na sisi wa mkoa huu tulikuwa karibu kuliko tunavyokumbuka. Kuanzia 1964 wapiganaji wa ukombozi wa ANC ya Afrika Kusini walikuwa na kambi Kongwa, na FRELIMO wa Msumbiji, na SWAPO wa Namibia. Mama yangu ni wa kule. Alikuwa akisimulia jinsi alivyowauzia karanga vijana wa Afrika Kusini waliokuwa wakijifunza Kigogo kwa kuimba, wakikosea maneno makusudi ili wasichana wacheke. Hao ng'ambo tuliwaona kwa macho yetu, wakinunua karanga.

Mjomba, panki si ya Wazungu tu? — Mpwapwa

Hapana. Kundi la Death walikuwa ndugu watatu weusi wa Detroit, walirekodi mwaka 1975, kabla Waingereza hawajaanza. Bad Brains wa Washington nao weusi. Poly Styrene, yule binti wa London aliyeimba akiwa na vyuma vya meno, baba yake alikuwa Msomali.

Shikamoo Mjomba. Nipo Kondoa, nina miaka 17. Sina gitaa wala pesa. Nasikiliza habari za Sudan kila usiku na baba redioni, roho inaniuma. Nataka kuandika wimbo au gazeti dogo la kutoa fotokopi. Naanzaje, na nina haki gani? — Kijana, Kondoa

Marahaba, mwanangu. Haki unayo, kwa sababu unasikiliza kila usiku. Wengi wanabadilisha stesheni.

Upande wa pesa usikucheleweshe. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakatoa diski yao wenyewe Januari 1977 bila kampuni. Gazeti la kwanza la mapanki wa Uingereza lilikuwa karatasi zilizopigwa chapa nyumbani, vichwa vya habari vimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati una kurasa nne. Stationari yoyote pale Kondoa itakutolea nakala 20 kwa pesa ya soda chache.

La kuandika ndilo gumu. Usianze na majenerali, magazeti yote yanao. Vita ilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, vijana wa mitaa, wengi wao walewale waliokuwa wakiandamana dhidi ya wanajeshi, walifungua majiko ya kulisha majirani. Masufuria makubwa, dengu na maharage, foleni ya watu wenye bakuli. Majiko hayo yalisambaa nchini, na wapo wapishi waliouawa kwa sababu ya kupika. Marekani nako mapanki wengi wameshiriki kazi ya kugawa chakula bure barabarani, iliyoanza karibu na Boston mwaka 1980 kwa watu waliokuwa wakipinga nyuklia. Ni sufuria ileile. Andika kuhusu sufuria. Wewe unalijua sufuria la msibani, unajua linabebwa na watu wangapi na linaunguza wapi. Halafu mtafute mtu wa kule akusomee kabla hujatoa nakala. Vyuoni hapa Dodoma hukosi mtu atakayekuelekeza kwa Msudani. Akikwambia mstari huu si kweli, ufute, hata kama ndio unaoupenda kuliko yote.

Gitaa siyo lazima. Bibi zangu walipiga muheme wa Kigogo kwa ngoma na vifua vyao tu, na hakuna amplifaya mjini hapa iliyowahi kunitikisa hivyo.

Ukipanda basi kuja Dodoma, uliza fundi redio wa Majengo. Kuna spika moja ya zamani chini ya meza yangu, koni yake imechanika nimeiziba kwa gundi na karatasi ya sigara, inakoroma kidogo ukiongeza sauti. Maiki ipo. Njoo na karatasi yako, uje na huyo Msudani ukimpata, nitafunga kibanda saa kumi tuisome.