Maswali yenu: miguu ya porini baada ya miaka hamsini

Tangu nilipogusia hapa kwamba nimetimiza miaka 61 na bado napanda milima na begi mgongoni, maswali yamemiminika. Nimechagua machache. Kwa wageni wa safu hii: mimi si daktari. Nilikuwa traka, yaani mfuata nyayo: nilifuata nyati kwenye vitalu vya uwindaji kwa misimu 22, na sasa nafundisha mazoezi watu wazima hapa Arusha, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi.

*

Shikamoo mzee. Mimi ni traka, miaka 51, niko Itigi. Msimu ukifungwa narudi shambani, nalima kidogo, nakaa sana. Julai tukianza kazi, siku ya kwanza natembea kama kijana. Ya tatu, mapaja yanakataa hata kushuka kwenye gari. Zamani haikuwa hivi. Ndiyo uzee?

Marahaba. Uzee umo, ila siyo mshitakiwa namba moja. Mshitakiwa ni mteremko.

Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunaumiza misuli. Unaposhuka korongo, paja linafanya kazi ya breki: linavutika huku limekaza. Kazi hiyo hujeruhi nyuzi ndogondogo za msuli, na maumivu hayaji palepale. Yanakuja kesho yake na kufika kileleni siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana unakwama pale pale kila mwaka. Habari njema ni kwamba msuli ukishaonja kushuka, hata kidogo, hujiwekea kinga ya wiki kadhaa. Wewe unaupa dozi ya kwanza tarehe 1 Julai, mbele ya mgeni aliyekuja kuwinda na mwindaji bingwa anayemwongoza, kwa kilomita 15 au zaidi. Hapo utalia tu.

Najua kwa sababu nililia. Nilikuwa na miaka 44, nimetoka kukaa miezi sita kwenye duka la shemeji yangu nikipima sukari na mchele. Mgeni wetu alikuwa na miaka 67, mfupi, masikio makubwa, nikamwonea huruma alipoteremka kwenye ndege. Siku ya tatu tulishika nyayo za madume mawili ya nyati tangu alfajiri. Saa saba mchana aliyeomba kupumzika hakuwa yule mzee. Nilikuwa mimi, traka! Akanipa maji yake, bila neno.

Jioni, tumezunguka moto, akaomba kreti la soda. Akaligeuza chini juu, akaweka mguu mmoja, akapanda, kisha akaanza kushuka taratibu akihesabu moja, mbili, tatu kabla kisigino hakijagusa mchanga. Mara kumi, akabadili mguu. Mwindaji bingwa akatutafsiria kwamba mzee hufanya hivyo mwaka mzima, nyumbani kwake, na mzigo wa kilo 10 mgongoni. Nilicheka pamoja na wenzangu. Usiku nikalibeba lile kreti hadi nyuma ya hema nikajaribu. Mguu wa kushoto ulitetemeka kama wa ndama aliyezaliwa leo.

Basi fanya hivi. Januari hadi Machi, mara tatu kwa wiki, kreti au jiwe lenye kimo hicho: kila mguu mara nane, pumzika, rudia hadi raundi tatu. Bila mzigo. Aprili weka mchanga kilo 5 kwenye begi, mwezi unaofuata 10. Mei na Juni tenga siku moja kila wiki utembee kwa muda wa saa tatu au nne kwenye ardhi mbovu, na utafute mteremko hata kama ni wa kwenda mtoni. Wiki ya mwisho punguza kila kitu nusu. Jembe unalolima ni zuri kwa mgongo na mikono, lakini shambani hakuna breki.

Na usiache kabisa hata baada ya msimu. Kuanzia miaka ya thelathini na kitu mtu asiyefanya kazi ya nguvu hupoteza misuli kidogo kidogo, kama asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Kijana akilala miezi sita, anairudisha haraka. Wewe na mimi tunairudisha kwa jasho jingi.

*

Kaka, niko Houston, dereva wa lori, miaka 56. Wenzangu kazini wamenialika Colorado mwezi Oktoba kuwinda elki. Wanasema kambi iko kwenye mwinuko wa mita 3,000. Natembea nusu saa kila jioni. Inatosha?

Haitoshi, na usinikasirikie.

Kwa wasiomjua, elki ni jamii ya kulungu, ila dume lake linapita kilo 300. Akianguka kilomita tano kutoka barabarani, hakuna Land Cruiser itakayomfuata kama tulivyozoea huku. Anakatwa palepale, mnabeba mgongoni, mnarudi tena, na tena. Paja moja la nyuma na mfupa wake laweza kufika kilo 30. Linganisha: kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na wengi wa wale ni vijana waliozaliwa chini ya mlima.

Houston ni tambarare kama chapati, hilo nalijua. Tafuta jengo la maegesho lenye ghorofa nyingi utumie ngazi zake. Jaza madumu ya maji kwenye begi, lita moja ni kilo moja, hivyo huhitaji mizani. Mwezi wa kwanza beba kilo 8, ukifika juu mwaga maji, ushuke na begi tupu. Mwezi wa pili shuka na nusu. Wa tatu shuka na maji yote, na uwe unasogea taratibu kuelekea kilo 20 na kitu. Mara mbili au tatu kwa wiki. Nusu saa yako ya jioni endelea nayo, ni nzuri kwa moyo na kwa ndoa. Na kila unaposimama kujaza mafuta, shika mlango wa lori uchuchumae mara 15. Watu watakuangalia. Waache.

Suala la hewa ni jingine. Hakuna jimu wala ngazi ya Houston itakayokupa mapafu ya mita 3,000. Mwili huzoea kwa kuwa kule tu. Fika mapema: lala Denver, iliyo kwenye mita 1,600 hivi, usiku mmoja au miwili, ndipo upande kambini, na siku ya kwanza kambini usibebe kitu. Bia iache mpaka safari iishe. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikaja, chakula kikakukinaisha, usipande zaidi hata kama elki anakupigia mluzi. Ukiyumba kama mlevi, au ukihema umekaa, shuka wakati huohuo, iwe usiku iwe mvua.

Halafu kuna moyo. Madaktari huko Michigan waliwahi kuwafunga wanaume 25 vipimo vya moyo wakaenda nao kuwinda kulungu. Baadhi yao mioyo ilipiga kwa kasi iliyozidi ile waliyofikia hospitalini kwenye mashine ya kukimbilia, wakiwa wanamburuta mnyama au hata wanapomwona tu. Baridi, mzigo na msisimko vinaingia kwa pamoja. Mtu wa miaka 56 aliyekaa kwenye usukani miaka mingi apimwe moyo kwanza, tiketi baadaye.

*

Goti langu linalia kwa-kwa-kwa nikichuchumaa. Niache mazoezi? (Miaka 52, Morogoro)

Linauma? Linavimba? Kama hapana, liache liimbe. Yangu yote mawili yanaimba tangu niko na miaka 40. Likianza kuvimba, kujifunga ukashindwa kulinyoosha, au kukuachia ghafla ukitembea, hapo nenda kwa daktari wa mifupa, usije kwangu.

*

Mzee, salamu kutoka Nairobi. Huku uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mimi hupanda milima ya Aberdare na kamera tu. Nina miaka 59, natumia dawa mbili za presha, moja ya kukojoza, nyingine ya kutuliza mapigo ya moyo. Saa ya mkononi inanidai mapigo 130 na sijawahi kuyafikia. Ninazembea?

Huzembei, unapigana na dawa yako mwenyewe. Dawa ya kutuliza mapigo inauwekea moyo kikomo, na saa haijui umemeza nini asubuhi. Ipuuze hiyo namba. Kipimo chako kiwe mdomo: ukipanda, uweze kusema sentensi nzima na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba ushindwe. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu "ndiyo", punguza.

Ya kukojoza ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Inatoa maji na chumvi, na mlima unatoa vilevile. Usiiache wala kubadili saa ya kuimeza kwa akili yako. Mweleze daktari wako kwamba siku fulani utatembea kwa muda wa saa sita, akupangie. Na ukipumzika juu ya jiwe, usiinuke kwa kuruka. Inuka polepole, kizunguzungu kwenye ukingo wa bonde si jambo la mzaha.

*

Shemeji, mume wangu ana miaka 63 na ameanza kufuatilia leseni ya kuwinda, eti msimu huu anarudi porini kama zamani. Kiuno chake mnakijua wenyewe. Nikimtajia mazoezi anasema hayo ni ya mabinti wa mjini. Nimzuie vipi, au nimlishe nini?

Shemeji, usimzuie, maana ukimzuia atakwenda. Mpe mtihani. Asubuhi mbele ya wajukuu mwambie avae soksi amesimama kwa mguu mmoja, bila kushika ukuta. Kisha akae kwenye kiti cha kulia chakula na ainuke mara kumi, mikono imekunjwa kifuani. Akishindwa, wajukuu watamaliza kazi. Mwanaume anaweza kubishana na mkewe mwaka mzima, lakini hawezi kubishana na mtoto wa miaka sita anayecheka.

Mguu mmoja siyo mchezo tu. Porini hatua nyingi ni za mguu mmoja: gogo, jiwe la mtoni, shimo la muhanga lililofichwa na nyasi. Asimame kila anapopiga mswaki, sekunde kumi kila upande, hadi azoee.

Kuhusu chakula, punguza kilima cha ugali, usipunguze kitoweo. Mtu wa umri wetu anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Akiwa na kilo 75, ni kati ya gramu 75 na 90. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo ona lilivyo mbali. Desturi yetu ya chai na andazi asubuhi, kisha nyama yote usiku, haimsaidii. Mgawie: mayai na maziwa asubuhi, maharage na dagaa mchana, samaki au kuku jioni. Kama ana tatizo la figo, futa aya hii na umuulize daktari.

*

Wahadzabe hawajui jimu wala kreti la soda lako, na wazee wao wanawinda. Kwa nini sisi tujitese? (Kijana, Karatu)

Umeuliza vizuri kuliko ulivyokusudia. Watafiti wamekaa miaka mingi na Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa pande za Ziwa Eyasi, wakawavalisha vipimo vya mapigo ya moyo. Waliona watu wanaotumia zaidi ya saa mbili kila siku katika mwendo wa kutosha kuharakisha moyo, na wazee wao hawakuwa nyuma sana ya vijana. Presha ya kupanda ni nadra kwao. Wanaume hutembea zaidi ya kilomita 10 kwa siku ya kawaida. Kwa hiyo hawafanyi mazoezi kwa sababu hawajawahi kuyaacha.

Lakini kilichonivutia mimi ni mapumziko yao. Wanapumzika sana, jumla ya karibu saa kumi kwa siku, mchana na jioni, kama wafanyakazi wa ofisini. Tofauti ni namna ya kukaa. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo hata wakipiga soga. Sisi tumenunua sofa. Jaribu wiki hii: ukiangalia mpira, dakika kumi za mwanzo chuchumaa, visigino chini. Wengi wenu wa miaka 25 mtaanguka kinyumenyume, na nitafurahi kusikia.

Na ukitaka kuishi kama Mhadzabe, rudisha kwanza boda boda uliyopanda kwenda dukani.

*

Nimenunua buti mpya za msimu. Kuna la kujua? (Miaka 54, Tabora)

Zivae kuanzia leo, siyo siku ya safari. Sokoni, msikitini, kanisani, popote, hadi zikunje pale unapokunja mguu. Siku nyingine zinunue mchana, mguu ukiwa umeshavimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba cha mkono nyuma ya kisigino kabla hujafunga kamba. Soksi ziwe za sufu au za nailoni. Pamba ikilowa jasho inabaki imelowa, na malengelenge yanaanzia hapo. Suruali ya bluu au nyeusi iache nyumbani, mbung'o wanazipenda rangi hizo.

Na kucha za vidole vya miguu zikate siku mbili kabla ya kuondoka, zikatwe moja kwa moja, pembe zisichongwe. Nilipoteza mbili kwenye mteremko mmoja, na ya kushoto ilichukua karibu mwaka kuota.